India huendwa lini: kuusoma mwaka wake kwa kusi na kaskazi

Ukiuliza mwezi mzuri wa kwenda India utajibiwa haraka: Novemba hadi Februari. Jibu hilo si la uongo, ila ni jibu la mtu anayekwenda Jaipur. Anayekwenda Chennai mwezi huohuo wa Novemba anaweza kukuta barabara zimejaa maji. Anayepitia Delhi mwanzoni mwa Januari anaweza kukaa uwanja wa ndege tangu alfajiri hadi adhuhuri akisubiri ukungu uinuke. Na aliyetamani kwenda Ladakh kwa gari atakuta njia za milimani zimezibwa na theluji.

Nchi hii ina takriban kilomita za mraba milioni 3.3. Inaanzia karibu nyuzi 8 kaskazini ya ikweta na kufika nyuzi 37, yaani kutoka kwenye minazi ya Kerala hadi kwenye barafu ya Himalaya. Kwa hiyo "lini" haliwezi kuulizwa kabla ya "wapi". Na ukishajua wapi, kinachobaki ni kujua upepo uko upande gani.

Upepo tunaoufahamu

Msomaji wa Kiswahili ana faida moja hapa: pepo zinazoendesha mwaka wa India tayari anazijua kwa majina. Kusi, upepo uliokuwa ukiyarudisha majahazi Bara Hindi, haukomei ikweta. Ukishaivuka, mzunguko wa dunia huupinda kuelekea kulia, nao huanza kuvuma kutoka kusini-magharibi. Hupita juu ya Bahari ya Arabu ukikusanya mvuke, kisha huipiga pwani ya Kerala mwanzoni mwa Juni. Kinachouvuta ni bara lenyewe: Aprili na Mei ardhi ya kaskazini mwa India hupata joto kali, hewa yake hupanda juu, na hewa ya baharini huingia kujaza nafasi.

Idara ya Hali ya Hewa ya India ina tarehe za wastani za safari hiyo ya mvua, na msafiri angefanya vyema kuziandika pembeni ya kalenda yake: Kerala 1 Juni, Mumbai 11 Juni, Delhi 27 Juni, na nchi nzima kufikia 8 Julai. Kurudi nyuma huanzia Rajasthan magharibi karibu 17 Septemba na kumalizika katikati ya Oktoba. Huo ni wastani tu. Mwaka 2025 mvua ilifika Kerala 24 Mei, zaidi ya wiki moja kabla ya siku yake, na Mumbai 26 Mei, zaidi ya wiki mbili kabla. Aliyepanga wiki ya mwisho ya Mei akiihesabu kuwa kavu, mahesabu yake yalilowa.

Tena mvua yenyewe haimiminiki usiku na mchana kwa miezi minne. Huja kwa vipindi: siku kadhaa za gharika, kisha mapumziko ya siku chache au hata wiki nzima, jua likitoka na unyevu ukipanda. Ndiyo maana watu wawili waliokwenda Mumbai Julai moja hurudi na habari mbili tofauti, na wote wanasema kweli.

Milima ya Ghats Magharibi, inayofuatana na pwani, hugeuza mambo ndani ya mwendo wa saa chache. Upepo uliolowa hulazimika kupanda, hupoa, na humwaga maji upande wa bahari. Ukishavuka kilele huwa umeishiwa. Mumbai hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Pune, takriban kilomita 150 kwa barabara, hupata karibu 700. Kwa hiyo mtu mwenye shughuli za Agosti ambazo zinaweza kufanyika mji wowote kati ya hiyo miwili, ajue pa kulala.

Kuanzia Oktoba mambo hugeuka. Bara hupoa, hewa huanza kushuka kutoka kaskazini-mashariki, nayo kaskazi inajiandaa kuja kwetu. Kwa Rajasthan, Gujarat na bonde la Ganges huu ni upepo mkavu wa nchi kavu, na hapo ndipo linapotoka lile jibu la "Novemba hadi Februari". Lakini sehemu ya upepo huo hupita kwanza juu ya Ghuba ya Bengal, hushiba maji, kisha hukutana na pwani ya Tamil Nadu. Chennai hupata zaidi ya nusu ya mvua yake ya mwaka kati ya Oktoba na Desemba, pamoja na vimbunga. Mafuriko makubwa ya jiji hilo, ya mwisho wa 2015 na yale ya kimbunga Michaung mwaka 2023, yote yalikuja wakati Delhi watu wanaota jua. Kwa Chennai, Madurai na Thanjavur, subiri Januari; hadi mwanzo wa Machi hali huwa nzuri, kisha joto linarudi.

Mumbai na maji ya bamvua

Hili linahitaji kutazamwa kwa karibu, kwa sababu utabiri wa mvua peke yake hautoshi. Mifereji ya Mumbai humwaga maji baharini. Mvua kubwa ikija wakati maji yamekupwa, jiji hulowa na kukauka. Ikija wakati wa bamvua, bahari ikiwa imepanda mita 4.5 au zaidi, maji ya mvua hayana pa kwenda: milango ya mifereji hufungwa ili bahari isiingie, na barabara ndizo zinazogeuka mito. Mnamo 26 Julai 2005 kituo cha Santacruz, karibu na uwanja wa ndege, kilipima milimita 944 ndani ya saa 24, na jiji lilisimama.

Kila mwaka halmashauri ya jiji hutangaza siku za bamvua kubwa za Juni hadi Septemba, saa na kina. Mwenye safari ya ndege asome orodha hiyo pamoja na onyo la mvua. Yakikutana yote mawili, usikae kusini mwa jiji ukitegemea treni ya mjini kukufikisha uwanjani: maeneo ya Kurla na Sion ni miongoni mwa yanayozama kwanza, na reli hupita hapohapo. Hamia hoteli iliyo karibu na uwanja tangu usiku uliotangulia.

Kaskazini: joto, moshi, ukungu

Delhi, Agra na Jaipur ndiko wageni wengi huanzia. Wengi hudhani adui wa huko ni mvua. Mvua kwa kweli ndiyo yenye unafuu.

Joto hushika Aprili. Mei, Delhi hufikia nyuzi 40 mchana kama jambo la kawaida, na huvuma upepo mkavu wa moto uitwao *loo*. Phalodi, Rajasthan, ilifika nyuzi 51 mnamo 19 Mei 2016. Anayelazimika kwenda wakati huo agawanye siku: atoke alfajiri, arudi ndani kabla ya saa 5 asubuhi, asitoke tena hadi saa 11 jioni. Mawe ya ngome na makaburi ya kale hushika joto hata jua likishaegemea, na viatu huvuliwa mahali pengi, kwa hiyo beba soksi. Wanaokosea si wale wasiokunywa maji peke yao. Wapo pia wanaokunywa maji matupu lita nyingi bila chumvi wala chakula, wakaanza kichwa kuuma na misuli kukaza.

Moshi ni wa mwisho wa Oktoba na Novemba. Wakulima wa Punjab na Haryana huvuna mpunga na kuchoma mabua ili wawahi kupanda ngano. Moshi huelekea Delhi, hukutana na wa magari, viwanda na fataki za Diwali. Kwa sababu upepo umetulia na hewa ya chini imepoa kuliko ya juu yake, uchafu hubaki umefunikwa kama mvuke ndani ya sufuria. Kipimo cha ubora wa hewa cha India huishia 500, na juu ya 400 huitwa hali mbaya kabisa. Delhi huvuka 400 siku kadhaa za Novemba katika miaka mingi. Mwenye pumu, mjamzito, au anayesafiri na mtoto mchanga hana sababu ya kuipanga Delhi kipindi hicho. Barakoa ya kitambaa haizuii chembe hizo. Inayozuia ni ya aina ya N95, ikikaa vizuri usoni.

Ukungu hufuata, kwa kawaida kuanzia nusu ya pili ya Desemba hadi mwisho wa Januari. Hutanda usiku, huwa mzito zaidi alfajiri, na mara nyingi huinuka kati ya saa 4 asubuhi na adhuhuri. Kosa linalorudiwa kila mwaka ni kukata tiketi ya ndege ya saa 12 asubuhi kwa kuwa ni rahisi, au kupanda treni ya usiku kwenda Varanasi huku asubuhi yake una ndege ya kuunganisha. Shirika la reli lenyewe huwa linafuta baadhi ya treni za kaskazini tangu mwanzo wa msimu wa ukungu, kabla hata haujashuka. Chagua ndege ya kuanzia saa 7 mchana, na acha siku nzima tupu kati ya safari ya ndani na ndege ya kurudi nyumbani. Na Taj Mahal ya macheo, ile ya kwenye picha? Januari unaweza kusimama mbele yake asubuhi usiione. Nenda alasiri, na usiende Ijumaa, kwa kuwa hufungwa.

Baridi nayo isidharauliwe. Januari Delhi hushuka hadi nyuzi 7 au chini yake usiku, na vyumba vingi vya bei nafuu havina kipasha joto. Atokaye pwani yetu na mashati mepesi atalala na koti.

Ukiondoa hayo matatu, kaskazini hubakiwa na madirisha mawili safi: Februari hadi katikati ya Machi, na wiki tatu za mwanzo wa Oktoba. Kati ya hayo, Februari ndiyo bora kwa mtu wa mara ya kwanza. Oktoba bado ina joto la mchana, lakini kwa Rajasthan ina jambo lisilosemwa sana: mvua imetoka tu kuondoka, vilima bado vina majani, na maziwa ya Udaipur yamejaa, jambo ambalo Mei halina uhakika hata kidogo.

Milimani kalenda hupinduka

Ladakh iko nyuma ya Himalaya, upande ambao mawingu hufika yakiwa matupu. Leh, mji wake mkuu, hupata takriban milimita 100 tu za mvua kwa mwaka. Kwa hiyo Julai na Agosti, wakati nchi nzima inavuja, huko ndiko kukavu, mchana una joto la kupendeza na barabara zimefunguka. Njia za magari kutoka Manali na Srinagar hufungwa na theluji wakati wa baridi, na tarehe za kufungwa na kufunguliwa hubadilika mwaka hadi mwaka. Handaki la Atal, la kilomita 9, lililofunguliwa Oktoba 2020, limeiondolea njia ya Manali tatizo la kivuko cha mlimani cha Rohtang. Halijaondoa kivuko kingine, Baralacha La, kilicho karibu mita 4,900 na ambacho bado huzibwa na theluji.

Kuna mtego lakini. Ladakh ni kavu Agosti. Njia ya kuifikia kwa gari si kavu. Manali iko upande wa mvua, na Julai na Agosti maporomoko ya ardhi hufunga barabara za majimbo ya Himachal na Uttarakhand kwa saa, pengine kwa siku. Msiba wa mafuriko ya Kedarnath, mji wa hekalu huko Uttarakhand, ulitokea Juni 2013, mvua ilipotangulia na mahujaji wakiwa wengi njiani. Kwa hiyo Agosti panda ndege kutoka Delhi hadi Leh.

Hapo nalo huja tatizo la pili: unatoka mita 200 na kushuka kwenye mita 3,500 kwa mwendo wa saa moja na nusu hivi. Siku mbili za kwanza ni za kukaa Leh, kutembea polepole, kutokunywa pombe, na kutopanda gari kwenda kwenye kivuko cha Khardung La, kilicho juu zaidi. Kichwa kuuma kidogo ni kawaida. Kichwa kisichotulia kwa dawa, kutapika, kuyumba wakati wa kutembea au kukosa pumzi ukiwa umekaa ni dalili za kushushwa chini, si za kungoja kesho. Bonde la Nubra na ziwa la Pangong huhitaji kibali kwa raia wa nje, kinachoombwa kupitia wakala. Tumia siku hizo mbili za mapumziko kukishughulikia.

Upande wa mashariki, Darjeeling na Sikkim, mvua ni nyingi na kilele cha Kanchenjunga hujificha karibu msimu mzima wa kusi. Oktoba na Novemba ndiyo miezi ya kukiona.

Fukwe, mito na wanyama

Goa ni rahisi: katikati ya Novemba hadi Februari. Vibanda vya ufukweni huvunjwa kabla ya mvua, na Juni hadi Septemba bahari huwa na mikondo inayoua. Uvuvi wa mashua za injini pwani yote ya magharibi hupigwa marufuku 1 Juni hadi 31 Julai ili samaki wazaliane, kwa hiyo samaki wengi wa hotelini wakati huo wametoka kwenye barafu. Epuka wiki ya mwisho ya Desemba, bei zikiwa zimepanda mara kadhaa. Wiki ya kwanza ya mwezi huohuo ina jua lilelile.

Kerala hupata mvua za kusi na kisha za Oktoba na Novemba. Desemba hadi Februari ni ya mashua na fukwe. Hata hivyo wenyeji huihesabu Julai na Agosti kuwa miezi ya matibabu ya Ayurveda, na aliyekuja kukandwa mafuta chini ya paa linalolia mvua hajakosea msimu.

Kwa chui milia mantiki ni kinyume cha starehe. Aprili na Mei joto ni kali, majani yamekauka, maji yamebaki madimbwi machache, na mnyama lazima ayafuate. Mwenye lengo la kumwona chui milia avumilie joto. Hifadhi ya Ranthambore, Rajasthan, hufunga maeneo yake makuu Julai hadi Septemba. Simba wa hifadhi ya Gir, Gujarat, hupumzishwa katikati ya Juni hadi katikati ya Oktoba. Hifadhi ya Kaziranga, Assam, kwa vifaru, hufungwa msimu wa mafuriko ya Brahmaputra. Baada ya nyasi ndefu kuchomwa, Februari hadi Aprili, vifaru huonekana wazi.

Sikukuu, tiketi, na wasio na hiari

Diwali huangukia kati ya katikati ya Oktoba na katikati ya Novemba, Holi huwa Machi kwa kawaida. Kalenda ya Kihindu hufuata mwezi, lakini tofauti na yetu ya Idi haizunguki mwaka mzima: takriban kila miaka mitatu huongezwa mwezi wa ziada, sikukuu zikarudi kwenye majira yake. Wiki ya Diwali na ile ya Chhath inayofuata, treni za kwenda Bihar na Uttar Pradesh hujaa hadi mlangoni.

Tangu 1 Novemba 2024 tiketi za treni hufunguliwa siku 60 kabla ya safari, si 120 kama awali. Mgeni mwenye pasipoti ya nje ana mgao wake katika baadhi ya treni, unaofunguliwa hadi siku 365 kabla. Zikiisha, kuna tiketi za dharura ziitwazo Tatkal, zinazofunguliwa siku moja kabla: saa 4 asubuhi kwa mabehewa yenye kiyoyozi, saa 5 kwa yasiyo nacho, saa za India. Tiketi ya mtandaoni ya orodha ya kusubiri isipothibitishwa hufutwa yenyewe na fedha hurudi, ila wewe unabaki stesheni.

Viza ya kielektroniki ya utalii ya siku 30 ilipopangiwa ada upya mwaka 2019, Aprili hadi Juni iliwekwa dola 10 na miezi mingine dola 25, kwa raia wa nchi nyingi. Angalia jinsi Agosti yenye mafuriko ilivyotozwa sawa na Februari. Ada ya viza haisomi mawingu.

Wapo wasiochagua mwezi: wagonjwa. Anayekwenda kutibiwa Delhi Novemba amuulize daktari kuhusu moshi, hasa kama ni moyo au mapafu, na apange nyumba ya kupumzikia iwe karibu na hospitali na yenye kisafisha hewa. Ikiwa tiba hiyo inapatikana pia Hyderabad au Bengaluru, kuanzia Novemba hadi Februari hali ya hewa ya huko ni rafiki zaidi kwa mtu anayepona. Chennai, Novemba, chukua chumba cha ghorofa ya pili au zaidi. Na anayetoka Kenya au Uganda achanje homa ya manjano angalau siku 10 kabla ya kufika, kwani cheti huanza kuhesabika hapo. Asiye nacho anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6.

Na mwenye likizo ya Agosti peke yake? Wiki mbili: ndege hadi Leh, siku tisa huko pamoja na zile mbili za kupumzika, kurudi Delhi kwa siku mbili za majumba ya makumbusho, na siku moja ya akiba kabla ya ndege ya nyumbani. Goa aiache kabisa.